Kupima metali ndani ya oili kwa leza: mwongozo kamili, kuanzia chupa ya sampuli hadi jibu la ppm

Oili inayozunguka ndani ya injini hukusanya chembe za kila kinacholika humo. Pistoni ikikwaruzwa, alumini hupanda. Ringi na silinda zikilika, chuma na kromu huongezeka. Beringi ikianza kuharibika, risasi, bati na shaba huonekana kwenye oili muda mrefu kabla fundi hajasikia mlio wowote.

Maabara nyingi hupima metali hizi kwa plazma ya argoni (ICP), yaani gesi iliyopashwa joto kali hata ikang'aa, kwa utaratibu wa ASTM D5185, au kwa elektrodi ya diski inayozunguka kwa utaratibu wa ASTM D6595. Njia zote mbili zimekomaa, na huu si mwongozo wa kuzipinga. Njia ya leza, ambayo watu wa fani huiita LIBS, ina faida zake: huhitaji kuzimua oili kwa vimumunyisho, si lazima uwe na mtungi wa gesi, jibu hutoka baada ya dakika chache, na kifaa kinaweza kupelekwa hadi mashine ilipo.

Jambo moja lieleweke mapema. Leza yenyewe ndiyo sehemu rahisi. Kazi ngumu ni oili, kwa sababu oili ni shabaha mbaya: inaruka, inatoa moshi, inachafua lenzi, na chembe zake huzama wakati wewe unahangaika na kompyuta. Ndiyo maana hapa utakuta maneno mengi juu ya namna ya kuiweka oili mbele ya mwali, na machache juu ya leza.

Kinachotokea mwali unapopiga

Leza hutoa pigo fupi la nanosekunde 5 hadi 10. Lenzi hulikusanya pigo hilo kwenye nukta ndogo, na nguvu kwa eneo ikipita takribani gigawati 1 kwa sentimita ya mraba, kiasi kidogo cha oili hugeuka plazma yenye joto la nyuzi 10,000 na zaidi. Atomi zilizomo husisimka, na zinapopoa kila elementi hutoa mwanga wa urefu wa wimbi wake maalumu. Spektromita huusoma mwanga huo, na kila wimbi huonekana kama mstari wake.

Piga hesabu ya leza yako kabla ya kuinunulia lenzi. Chukua pigo la milijuli 50 linalodumu nanosekunde 8: hiyo ni megawati 6.25. Ukilikusanya kwenye nukta ya kipenyo cha mikromita 200, unapata takribani gigawati 20 kwa sentimita ya mraba. Inatosha na kubaki. Leza ya milijuli 300 haitakupa usikivu mara sita zaidi. Itakachokupa kwa uhakika ni oili kwenye dari.

Mbinu hii si ngeni. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman mwaka 1960, na miaka miwili baadaye Brech na Cross walikwishaeleza jinsi ya kuitumia kusisimua atomi kwa uchambuzi. Chombo cha Curiosity kimekuwa kikiipigia miamba ya Mirihi tangu 2012. Ila mwamba haurukii lenzi.

Vifaa vya kuanzia

Leza ya Nd:YAG ya nanomita 1064, inayotoa milijuli 30 hadi 100 kwa pigo. Lenzi yenye fokasi ndefu, milimita 150 hadi 200, ili ikae mbali na matone. Spektromita inayosoma angalau nanomita 240 hadi 600, yenye uwezo wa kutenganisha mistari iliyoachana kwa nanomita 0.1. Kifaa cha kuchelewesha ambacho huiambia spektromita lini ifungue jicho. Jukwaa linalosogea pande mbili. Taa ya zebaki na argoni ya kuhakiki mizani ya mawimbi. Mizani ya maabara inayosoma hadi miligramu 1 au chini yake. Feni ya kuvuta moshi.

Kuhusu spektromita: nyingi za bei nafuu haziwezi kufungua jicho kwa muda mfupi kuliko takribani milisekunde 1. Usikate tamaa kwa hilo. Plazma hewani hufa ndani ya makumi ya mikrosekunde, kwa hiyo jicho likibaki wazi baadaye halioni kitu. Cha lazima ni uwezo wa kuchelewesha *kufungua*.

Usalama, na hapa hakuna mjadala

Leza hii ni ya daraja la 4. Mwali wa nanomita 1064 hauonekani, lakini hupita kwenye mboni na kukusanyika kwenye retina, na jeraha la retina haliponi. Vaa miwani iliyoandikwa 1064 yenye OD (kipimo cha jinsi miwani inavyozuia mwali) ya 6 au zaidi. Miwani ya welding haifai. Funika njia yote ya mwali kwa sanduku lenye swichi inayoizima leza mlango ukifunguliwa. Vua saa na pete. Ukitaka kujua mwali umeangukia wapi, tumia kadi maalumu inayong'aa ikipigwa na miali ya infraredi, kamwe usiuinamie kuutafuta.

Oili nayo ina hatari zake. Iliyotumika huwa na kemikali zinazoweza kusababisha saratani, hivyo vaa glavu na usivute moshi wake. Oili safi ya injini huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi ndipo mvuke wake ushike moto, lakini iliyochanganyika na dizeli au petroli hushika kwa joto la chini zaidi. Kizima moto kiwe karibu, na ndani ya sanduku pawe na mkondo wa hewa muda wote.

Hatua ya 1: Chota sampuli inayosema kweli

Chota mashine ikiwa ya moto, ikizunguka kama mahali pa kuchotea panaruhusu, au muda mfupi baada ya kuzimwa. Chota kabla ya filta, mahali palepale kila mara. Mwaga kiasi cha kwanza kinachotoka kwani hubeba uchafu wa bomba. Jaza chupa robo tatu tu, ili ibaki nafasi ya kutikisa.

Kwenye lebo andika saa za mashine, saa za oili tangu ibadilishwe, aina ya oili, na kiasi kilichoongezwa katikati. Watu husahau hicho cha mwisho. Lita chache za oili mpya zilizoongezwa jana zinaweza kushusha ppm (sehemu kwa milioni, sawa na mg/kg) zote na kukufanya uamini mashine imepona yenyewe.

Hatua ya 2: Tengeneza oili za kipimo

Nunua oili ya kipimo yenye metali zilizoyeyushwa kwa ukolezi unaojulikana, pamoja na oili tupu ya msingi isiyo na metali. Zimua kwa uzito, usizimue kwa ujazo. Oili nzito hubaki kwenye ukuta wa pipeti na kukudanganya. Ukiwa na oili ya kipimo ya 900 mg/kg, gramu 2.5 ukichanganya na gramu 47.5 za oili tupu unapata gramu 50 za 45 mg/kg. Tengeneza ngazi sita au saba kati ya 0 na 200 mg/kg, zikiwa nyingi upande wa chini, maana maamuzi mengi ya matengenezo hufanyika huko.

Kisha weka kobalti, kwa kiasi kilekile, kwenye kila oili ya kipimo na kila sampuli. Kobalti ni nadra katika injini za kawaida (turbini ni habari nyingine), na mistari yake ya 340.51 na 345.35 hupatikana kirahisi. Pigo likiwa dhaifu, kobalti hushuka pamoja na metali nyingine, na uwiano wao hubaki palepale.

Hatua ya 3: Iweke oili mbele ya mwali

Hapa ndipo kazi ilipo. Njia za kuiweka ni nyingi, na kila moja ina adhabu yake.

Wazo la kwanza la kila mtu ni kumimina oili kwenye kikombe na kuipiga juu. Pigo la kwanza huenda vizuri. Kisha wimbi la mshtuko hurusha matone, uso hucheza, na ukungu mwembamba wa oili hubaki hewani juu ya kikombe. Pigo linalofuata huwasha plazma kwenye ukungu huo kabla ya kufika kwenye oili, na baada ya mapigo mia uso wa oili umeshuka hata fokasi haiko ulipoiacha. Ukilazimika kutumia njia hii, piga mara moja kwa sekunde au polepole zaidi, leta mwali kwa mshazari, na pulizia hewa ya upande ifagie ukungu.

Mkondo mwembamba unaoanguka huondoa tatizo la uso kucheza, lakini unataka oili nyingi na pampu inayovumilia unene wake. Gurudumu linalozunguka, likichovya chini na kubeba utando mpya juu, ni zuri kwa mtu mwenye sampuli nyingi za kila siku, mradi liwe rahisi kusafisha. Mabaki ya sampuli ya jana ndiyo adui wake.

Karatasi ya kuchujia ni nafuu na hairushi kitu, na wengi huanza nayo. Tazama lakini kinachotokea ukiweka tone la oili iliyotumika juu yake: baada ya dakika chache katikati panabaki duara jeusi, na kuzunguka duara hilo oili ya rangi ya asali inaendelea kutambaa nje. Chembe zimebaki katikati, na viongezi vilivyoyeyuka vimesafiri na oili. Ukipiga katikati utapata chuma kingi kupita kiasi. Ukipiga pembeni utapata kalsiamu na zinki bila chuma. Oili za kipimo, ambazo metali zake zimeyeyuka, hazifanyi hivyo, kwa hiyo kalibresheni yako itaonekana safi kabisa huku sampuli zikipotoka. Isitoshe, karatasi nyingi zina kalsiamu, magnesiamu na sodiamu zake zenyewe.

Pendekezo langu kwa anayeanza ni utando mwembamba juu ya kibao kigumu cha grafiti safi. Grafiti ni kaboni, nayo kaboni tayari imejaa kwenye oili, kwa hiyo haikuletei metali ngeni. Kioo kina silikoni, sodiamu na kalsiamu. Kibao cha alumini kinakunyima alumini. Fanya hivi:

1. Pasha chupa hadi takribani nyuzi 60, kisha itikise kwa nguvu kwa dakika nzima. Ukiwa na bafu la mawimbi ya sauti, litumie dakika chache kabla ya kutikisa.
2. Mara moja, usisubiri, weka kiasi kidogo kwenye kibao na ukipime kwa mizani. Kiasi kiwe kilekile kwa sampuli zote.
3. Buruta ukingo ulionyooka juu ya kibao, ukiuinua kwa vipande vya utepe vya unene uleule pande mbili, ili utando uwe sawasawa. Lenga unene wa mikromita 20 hivi.
4. Kiweke kibao kikiwa mlalo kabisa. Kikiinama hata kidogo, utando hukusanyika upande mmoja.
5. Piga ndani ya dakika chache. Kila pigo mahali papya. Pigo moja tayari limeisukuma oili pembeni, na la pili litasoma grafiti.

Utando mwembamba una zawadi moja. Sehemu ya mwali hupenya na kugonga grafiti, plazma huzaliwa pale kwenye kitu kigumu, nayo huisisimua oili iliyo juu yake. Mistari hutoka yenye nguvu kuliko ukipiga kimiminika kirefu, na matone ni machache.

Hatua ya 4: Fokasi na muda

Hakiki mizani ya mawimbi kwa taa ya zebaki: 253.65, 365.02, 404.66, 435.83 na 546.07. Mstari ukihama kwa nanomita 0.1, rekebisha sasa, usisubiri.

Weka fokasi milimita 1 au 2 *chini* ya uso wa kibao. Ikiwa juu ya uso, hewa yenyewe huvunjika kwanza na unapoteza nishati. Sauti hukusaidia: pigo zuri hulia mlio mkavu unaolingana kila mara, mlio ukibadilika, angalia urefu kabla ya kuangalia programu.

Anza na ucheleweshaji wa mikrosekunde 1 na dirisha (muda jicho linapobaki wazi) la mikrosekunde 10, au fupi kadiri spektromita yako inavyoweza. Kabla ya ucheleweshaji huo kuisha plazma hutoa mwanga mweupe unaofunika kila kitu. Ongeza ucheleweshaji kwa nusu mikrosekunde, na kila mara gawanya urefu wa kilele kwa mchafuko wa usuli (mwanga usio wa mstari) pembeni yake. Chagua palipo na uwiano mkubwa zaidi, hata kama kilele chenyewe ni kifupi kuliko ulichokiona mwanzoni. Baada ya hapo usiguse tena hadi sampuli zote ziishe.

Hatua ya 5: Chagua mistari, na uwe mchoyo

Programu za spektromita zitakuonyesha mamia ya mistari kwa kila elementi. Ndani ya oili nyingi hazifai, kwa sababu kaboni ya oili ikikutana na nitrojeni ya hewa hutengeneza CN, na kaboni yenyewe hujiunga kuwa C2, na molekuli hizi mbili hutoa mikanda mipana ya mwanga. CN huanzia 388.3, 421.6 na karibu na 359.0, kisha hufifia kuelekea mawimbi mafupi. C2 hufanya vivyo hivyo kuanzia 516.5 na 473.7. Mistari ninayoiamini ni hii, kwa nanomita:

- Chuma 371.99, na 259.94 kama spektromita yako inaona vizuri huko chini.
- Shaba 324.75 na 327.40.
- Alumini 394.40.
- Kromu 425.43.
- Risasi 405.78, katikati ya mistari miwili ya chuma, 404.58 na 406.36. Hapa ndipo utajua kama spektromita yako inatenganisha kweli.
- Bati 284.00.
- Silikoni 288.16.
- Sodiamu 589.00.
- Zinki 481.05, achana na 472.2 iliyo ndani ya mkanda wa C2.

Alumini inastahili neno la ziada. Mstari wake wenye nguvu zaidi ni 396.15, na vitabu vingi huupendekeza. Lakini oili ya injini huwekwa kalsiamu kama kiongezi cha kusafisha, mara nyingi zaidi ya 1,000 mg/kg, na kalsiamu ina mstari mkubwa na mpana kwenye 396.85. Mguu wake hukanyaga 396.15, na ukibadilisha chapa ya oili, alumini yako itapanda au kushuka bila pistoni kuhusika. Kromu nayo ina mistari mizuri kwenye 357.87 na 359.35, ila jirani yake ni CN, kwa hiyo nabaki na 425.43.

Mistari ya shaba hukupa kipimo cha bure cha afya ya plazma. Kinadharia 324.75 inapaswa kuwa na nguvu takribani mara mbili ya 327.40. Chora uwiano huo kwa kila ngazi ya kalibresheni. Ukianza kushuka kuelekea 1.5 ukolezi unapoongezeka, ujue atomi za pembeni, zilizokwisha kupoa, zinaumeza mwanga wa zile za katikati, na mstari wako wa kalibresheni utapinda huko juu. Usilazimishe mstari ulionyooka. Ishia pale uwiano unapoharibika, na sampuli zenye shaba nyingi zaidi zizimue.

Hatua ya 6: Piga, kisha hesabu

Chukua mapigo 100 hadi 200 kwa sampuli, yaliyotawanyika kibao kizima. Kwa kila pigo ondoa usuli, pima eneo la kilele, ligawanye kwa eneo la kobalti. Wengine hugawanya kwa kaboni. Kwenye grafiti hilo halifai, maana kaboni nyingine inatoka kwenye kibao.

Sasa tazama mapigo mojamoja kabla ya kuyajumlisha. Katika oili iliyotumika utaona pigo moja au mawili ambayo chuma kimeruka mara kumi. Hilo si hitilafu. Mwali umeikuta chembe nzima ya chuma. Kwa jibu la ppm tumia namba ya katikati badala ya wastani, lakini andika pembeni ni mapigo mangapi yaliruka. Oili mbili zenye 30 mg/kg za chuma hazifanani ikiwa moja haina mruko na nyingine ina kumi na mbili: ya pili ina vipande vikubwa, na vipande vikubwa huja wakati chuma kinamenyeka, si wakati kinasagika taratibu. ICP hupoteza sehemu kubwa ya chembe zinazozidi mikromita chache, kwa hiyo hapa leza inakuambia jambo ambalo jibu la maabara linaweza kulikosa.

Hatua ya 7: Kalibresheni, na jinsi ya kuitilia shaka

Chora uwiano dhidi ya ukolezi. Ili kupata kiwango cha chini unachoweza kukiona, pima oili tupu mara kumi, chukua mtawanyiko wa majibu (mchepuko sanifu), zidisha kwa tatu, gawanya kwa mteremko wa mstari. Tarajia ppm chache kwa shaba au alumini ukiwa na vifaa vizuri, na zaidi kwa risasi na bati. Anayekuahidi sehemu ya kumi ya ppm kwa leza moja hewani, mwombe akuonyeshe majibu yake ya oili tupu.

Kisha tilia shaka. Oili za kipimo ni angavu; sampuli zako ni nyeusi kwa masizi, na masizi hunyonya mwali kabla haujafika kwenye grafiti. Plazma haiwi ileile. Chukua sampuli moja nyeusi, igawe mara nne, tatu kati yake uongeze metali kwa viwango vinavyojulikana, ya nne iache. Mteremko ukiwa karibu na ule wa oili angavu, endelea. Ukitofautiana kwa zaidi ya asilimia 15, tengeneza oili za kipimo upya kwa kutumia oili iliyotumika yenye metali kidogo badala ya oili tupu, na toa kile kilichokuwemo tangu mwanzo.

Kila baada ya sampuli kumi, pima tena oili moja ya kipimo. Ikihama kwa zaidi ya asilimia 10, simama, safisha kioo cha kinga mbele ya lenzi, na urudie zote zilizopimwa tangu ukaguzi uliopita. Mara nyingi kosa ni kile kioo.

Hatua ya 8: Soma jibu

Namba moja peke yake husema machache. Gawanya kila metali kwa saa za oili, na uilinganishe na mashine ileile ilivyokuwa. Chuma kikitoka 20 kwenda 24 kisha 29 kwa saa zilezile za oili, mashine inazeeka. Kikitoka 29 kwenda 61, kuna kilichobadilika.

Kisha soma metali kwa vikundi. Silikoni ikipanda pamoja na chuma, alumini na kromu, kichujio cha hewa kinapitisha vumbi. Silikoni ikipanda peke yake kwenye injini iliyofunguliwa hivi karibuni, huenda ni gundi ya gasketi tu. Sodiamu na potasiamu zikija pamoja, fikiria kulanti (maji ya kupoza injini) inayovuja. Potasiamu iko 766.49, kwa hiyo unahitaji spektromita inayofika huko. Risasi, bati na shaba kwa pamoja huelekeza kwenye beringi. Shaba pekee, bila risasi wala bati, kwenye mashine yenye kipoza oili kipya, mara nyingi hutoka kwenye mabomba ya kipoza chenyewe na hushuka baada ya kubadilisha oili mara kadhaa.

Jibu likitaka injini ifunguliwe, peleka nusu ya chupa ileile kwenye maabara ya ICP kabla spana haijashikwa. Kwa hiyo usimwage chupa hadi jibu litolewe uamuzi.